Nani Aliamua Hivi?

Kamwene wote. Wazazi wangu mlioketi huku mbele, shikamooni. Wanangu, habari za asubuhi.

Ninashukuru kwa kualikwa. Mimi nina duka la kuchapa kadi, kalenda, lebo na mabango hapa Iringa mjini, na kazi hiyo nimeifanya kwa miaka 22 sasa. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza swali moja kuliko yote: "Mama, mawazo unayatoa wapi?" Huwa wanauliza simu ikiwa mkononi, tayari kuandika jina la tovuti au programu nitakayowatajia. Kwenye kaunteri sijawahi kupata nafasi ya kulijibu swali hilo ipasavyo, kwa hiyo nimekuja kulijibu leo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja alikuja mzee mfuga nyuki kutoka Mufindi, anataka lebo za chupa zake za asali. Nilikuwa na kazi nyingi. Nikaingia kwenye intaneti, nikachukua mchoro uliokwisha kutengenezwa: nyuki wa manjano, uwanda wa maua meupe, na nyuma yake milima yenye theluji. Nikabadilisha maneno, nikachapa lebo 200, nikaona nimemaliza. Mzee alipokuja kuchukua, alishika lebo moja, akaisogeza mbali na macho yake, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu mlima uko wapi?"

Nikakosa jibu.

Akasema, "Maana nyuki wangu hawajawahi kufika huko." Akalipa, kwa sababu alikuwa muungwana, akafunga lebo zake kwenye gazeti akaondoka. Mimi usiku ule sikulala vizuri.

Kuchukua mchoro wa mtu bila ruhusa ni kosa, na nililijua hivyo. Lakini kulikuwa na jingine lililoniuma zaidi. Mzee yule ana msitu. Ana ukungu wa asubuhi unaokaa juu ya mashamba ya chai mpaka saa tatu. Ana mizinga yake ya magogo aliyoipachika mitini kwa mikono yake. Na mimi niliyekuwa nikiishi mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapo sikuwa na hata kimoja cha hivyo kichwani. Nilikuwa nimepita Mufindi mara nyingi nikiwa kwenye basi, nimelala.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutembea na swali. Nikikutana na kitu chochote kilichotengenezwa na mtu, kiwe mlango, bango, kikapu, jalada la kitabu au geti la chuma, najiuliza: nani aliamua kiwe hivi? Kwa nini rangi hii na si ile? Kwa nini upana huu? Ukijiuliza hivyo, kitu kinaacha kuwa sehemu tu ya mtaa. Unaanza kumwona mtu nyuma yake, amesimama, anafikiri, anachagua.

Swali hilo sikulibuni. Nililikuta kwa mjomba wangu, nikalisahau, kisha nikalirudia ukubwani. Mjomba alikuwa mwandika mabango. Kabla hazijaja fleksi, haya mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, duka lililotaka jina liliandikiwa ukutani kwa brashi na rangi ya mafuta, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kumshikia kopo.

Ngoja niwaeleze alivyofanya, maana wengi wenu hamkuiona kazi hii. Alichukua uzi mrefu, akaupitisha kwenye unga wa chaki, akaufunga kwenye msumari upande mmoja wa ukuta. Mimi nilishika upande wa pili, nimeukaza. Yeye aliuvuta kidogo kwa vidole viwili katikati, akauachia. Pa! Mstari mweupe umelala ukutani, umenyooka kabisa. Mstari wa juu, mstari wa chini. Halafu alihesabu herufi za neno, akatafuta ya katikati, akaanzia hapo kwenda pande zote mbili, ili jina lisije likabanana mwishoni.

Lakini hesabu peke yake haikumtosha. Siku moja alikuwa anaandika MWAKARIBISHWA kwenye ukuta wa hoteli ya chakula. Akaniambia nihesabu. Herufi 13, ya katikati ni I. Nikamwonyesha pa kuanzia. Akatikisa kichwa. "M na W zinakula nafasi," akasema, "na upande wa kushoto zimekaa zote mbili mlangoni. Ukiweka I katikati ya ukuta, kushoto patajaa na kulia patabaki uwanja." Akaisogeza ile I kuelekea kulia, upana wa kiganja hivi, akaanza. Alipomaliza tulivuka barabara tukatazama kutoka ng'ambo. Neno lilikuwa limekaa katikati kama maji kwenye bakuli.

Leo kompyuta inaweka neno katikati kwa kubonyeza mara moja. Lakini nikitaka kujua kama bango limekaa sawa, bado navuka barabara.

Maandishi ya mjomba ya mwisho ninayoyafahamu yalikuwa Mlandege. Sasa kuna fleksi juu yake. Fleksi nazichapa mimi mwenyewe, zinatulisha nyumbani, sitazisema vibaya. Ninachowaomba ninyi wapiga picha ni hiki: zile kuta zilizobaki, kwenye vinyozi, kwenye gereji, kwenye mashine za kusaga, kwenye maduka ya vijijini kote mpaka Kilolo, nendeni mkazipige kabla hazijafunikwa. Pigeni ukuta mzima, halafu sogeeni mpige herufi moja moja. Na muulize jina la aliyeandika. Mara nyingi mwenye duka analikumbuka.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo. Kilomita kama 20 kutoka hapa kwa barabara ya Mbeya iko Isimila. Karibu kila mmoja hapa amepelekwa na shule. Tulishuka bondeni, tukapigwa picha kwenye zile nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko, tukarudi na biskuti kwenye basi. Nguzo ni nzuri, nani abishe. Lakini nguzo zimechongwa na mvua. Mimi nawaomba mrudi kwa ajili ya mawe.

Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliokota pale zana za mawe, na mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Clark Howell akaongoza uchimbaji. Zana zile zina umri wa zaidi ya miaka laki mbili. Kati yake kuna mashoka ya mkono. Ukiliangalia moja, ncha imechongoka, kitako kimeviringika, na pande mbili, ya kushoto na ya kulia, zinafanana kama viganja vyako ukivikutanisha. Mengine ni makubwa na mazito kiasi cha kujiuliza yalishikwaje.

Jiwe likivunjika tu linapata makali. Kwa kukata nyama, hilo lingetosha. Lakini aliyekaa pale bondeni aligonga kipande, akageuza, akatazama, akagonga upande wa pili, akageuza tena. Sijui alijiambia nini, lakini mimi nikilitazama lile jiwe namwona mjomba amevuka barabara kuangalia neno lake. Tuna ubunifu wa umri huo hapa jirani, wanangu, na tunaupita tukienda Mafinga. Na pale Igeleke, nje kidogo ya mji, kuna michoro mwambani, wanyama na watu kwa rangi nyekundu inayoelekea kahawia, na mchoraji alichagua mwamba uliojikunja ukatengeneza kibanda. Alijua mvua.

Hata jina la mji huu lina ujenzi ndani yake: tunaambiwa limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Na Gangilonga, lile jabali la hapa mjini, maana yake ni jiwe linaloongea. Watu waliotupa majina hayo walikuwa wanatazama na kusikiliza.

Nirudi sokoni, kwa sababu sokoni ndiko ninakokwenda kila wiki na ndiko ninakojifunzia zaidi. Mnavijua vikapu vya Iringa vya milulu, yale majani marefu ya kusukia. Mama zetu wanavileta wamevipanga kimoja ndani ya kingine. Tunaviona tangu tukiwa wadogo, vinabebea nyanya, vinabebea vifaranga, kwa hiyo hatuvioni. Siku moja nilimwomba mama mmoja anayesuka anikaribishe kwake nikae nimtazame. Nilikaa kuanzia asubuhi mpaka jua la saa tisa.

Kikapu kinaanzia chini. Milulu inapishana kwenye kitako, imetawanyika kama miale, halafu nyuzi mbili zinaanza kuzunguka, moja inapita mbele ya mlulu, nyingine nyuma, zinapishana, zinaenda kwa unaofuata. Hivyo hivyo, mzunguko juu ya mzunguko. Pale anapotaka mstari mweusi anaingiza uzi uliotiwa rangi. Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna mahali mchoro ulipochorwa kwanza. Mchoro na ukuta wa kikapu vinakua pamoja. Akikosea kwenye mzunguko wa tatu, kosa lake litaonekana kwenye wa thelathini.

Karibu na saa saba akasimama, akakizungusha kikapu mapajani, akaanza kufumua. Akafumua mizunguko minne. Mimi nilikuwa nimekazia macho na sikuona ubaya wowote. Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?" Akanionyesha kwa ukucha mahali mstari mweusi ulipokaribia mwenzake, pengo pungufu ya upana wa punje ya mchele. Akasema, "Nikikiacha, macho yangu yatakuwa yanakwenda pale pale." Kikapu hicho kilikuwa cha kuuza. Angekiuza kesho yake asingekiona tena maisha yake yote.

Nilikinunua mimi. Kiko dukani, juu ya kabati la karatasi. Kijana akiniletea kazi na kuniambia "mteja hataona", namwelekeza kwenye kabati.

Nilipotoka kwa yule mama ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda kwa mzee wa asali. Nilikwenda na daftari na penseli, bila kamera, kwa makusudi. Kamera ingenimalizia haraka. Alinipeleka msituni, nikakaa chini ya mti mmoja nikauchora mzinga wake: gogo lililokatwa, limezibwa pande zote mbili, limelala kwenye panda la mti. Nilichora mara tano. Mara ya kwanza nilichora mzinga uliokuwa kichwani mwangu. Mara ya tatu nikaanza kuona kwamba gogo limeinama kidogo upande mmoja, na kwamba gamba la juu limeachwa na la chini limechubuka. Nikamuuliza kwa nini limeinama. Akanieleza mambo ya maji ya mvua na mlango wa nyuki, nusu saa nzima. Hakuna picha ya intaneti ambayo ingenieleza hayo.

Lebo ya pili ilikuwa na rangi moja tu, kijivu cha ukungu, na mzinga ule katikati. Nilimchapia bila malipo. Aliposhika ile karatasi aliisogeza mbali na macho kama mara ya kwanza. Halafu akaweka kidole juu yake akasema, "Huu ni ule wa kule bondeni."

Kwa hiyo mkiniuliza mawazo nayatoa wapi, nayatoa kwa kunakili kwa mkono. Nakili ya namna hii inatofautiana na kupakua. Ukipakua, kitu kinapita kwenye waya kinaingia kwenye mashine, wewe hujapitiwa na chochote. Ukikichora kwa penseli, hata vibaya, mkono wako unalazimika kurudia kila uamuzi wa aliyekitengeneza. Hapa alipinda. Hapa aliacha wazi. Hapa alirudi. Wengine wananiambia hawajui kuchora. Sijali mchoro ukitokaje. Utupeni mkimaliza kama mnataka. Jicho litakuwa limekwisha fanya kazi yake.

Msisubiri vifaa. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, huko huko kusini, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, mbao nyembamba za kujengea. Alifariki 1972. Miaka minne, wanangu, na rangi za baiskeli, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima. Wanawake wa Kikisi kule pwani ya Ziwa Nyasa wanafinyanga vyungu bila gurudumu, wanavileta kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo pale Matema, na vyungu hivyo vinapanda milima mpaka Mbeya. Ukikishika kimoja, pitisha kidole ndani kwenye shingo. Utaukuta mkono wa aliyekitengeneza. Na hapa kwetu, tangu 2003, Neema Crafts wamekuwa wakifanya kazi na vijana wenye ulemavu, na kati ya vitu vyao kuna karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo. Mimi ni mtu wa karatasi, nimeshika aina nyingi. Ile, ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, unaona nyuzi za majani tembo aliyotafuna. Ningependa kila kijana anayechapa kitu aishike walau mara moja.

Wapiga picha, nina neno fupi. Mnapiga nyingi mno. Chagueni mahali pamoja, kona moja tu, labda pale Miyomboni, labda kituo cha bajaji karibu na kwenu, mpige kila siku saa ile ile kwa mwezi mmoja. Chagueni Juni au Julai, asubuhi, wakati baridi imewafunga watu mablanketi na mwanga unaingia kutoka pembeni. Siku kumi za kwanza mtachoka. Baada ya hapo mtaanza kuwajua watu, nao watawajua. Ombeni ruhusa, kila mara, hata kwa mtoto, muulizeni na mzazi wake.

Na mkifika nyumbani, ombeni mama zenu wawatolee zile picha za studio za zamani. Kwetu ipo ya wazazi wangu, wamesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Ngazi zile hazikuwapo popote. Kuna mtu alizichora, akaamua ngapi, akaamua ziishie wapi, ili baba yangu aonekane anatoka kwenye nyumba kubwa. Nimeitazama picha ile tangu utotoni, na ni mwaka juzi tu nilipoona kwamba mchoraji alitia kivuli upande mmoja na taa ya studio ikatupa kivuli cha mama upande mwingine. Geuzeni nyuma muone kama kuna muhuri au mwaka. Kama hakuna, kaeni na wazee mwandike majina kwa penseli, sasa hivi, wakiwa bado wanawakumbuka waliosimama mle.

Maduka ya vitabu. Hapa moyo wangu ni mzito kidogo. Maduka yetu mengi yanayoitwa ya vitabu, kwa kweli yanauza madaftari, kalamu na vitabu vya kiada. Lililonilea mimi, lililokuwa na rafu moja ya hadithi nyuma ya karatasi za manila, lilifungwa. Mwenye duka alituacha tusome tukiwa tumesimama, tukiwa na sare za shule, na hakutufukuza hata siku moja.

Lakini vitabu bado vipo kwa anayevitafuta. Vipo vya dini kwenye maduka ya makanisa, na mara nyingine utakuta vilivyotumika vimetandazwa juu ya turubai. Ukikiokota kimoja, usikimbilie sura ya kwanza. Fungua ukurasa ule wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma. Hapo utakuta nani alikichapa, wapi, mwaka gani. Utakuta kimechapwa Ndanda au Peramiho, kwenye mitambo ya misheni, mbali na miji mikubwa. Pengine utakuta jina la aliyechora jalada. Mnusuru mtu huyo, muandike jina lake kwenye daftari lako.

Mwaka jana nilinunua kitabu cha jiografia kwa shilingi 1,000 tu. Ndani ya jalada kuna majina sita ya wanafunzi, kila mmoja amekata la aliyemtangulia kwa mstari mmoja wa rula. Na pembeni ya ukurasa wa mito na mabonde, mmoja wao amechora basi kwa kalamu ya bluu. Amechora vioo vyote, mizigo juu ya keria na ngazi ya kupandia nyuma. Kwenye kioo cha mbele, pale linapoandikwa jina la gari, nafasi imemtosha hajabananisha, na herufi zimekaa katikati. Bila shaka mwalimu alikuwa anafundisha mito. Mtoto yule alikuwa anafundishwa na kituo cha mabasi. Laiti ningejua ni nani, ningempa kazi.

Basi nisiwachoshe kwa maneno. Waandaaji walinipa saa moja na nimebakiza nusu, kwa makusudi. Tutashuka pamoja mpaka sokoni. Kila mtu atachagua kitu kimoja kilichotengenezwa na mkono wa mtu, amwombe mwenye nacho ruhusa, akae nacho dakika ishirini, akinakili. Ukimaliza muulize mwenye nacho: nani alitengeneza, na kwa nini hivi? Wazazi, nanyi mnakaribishwa, viti vidogo vipo kule kwa wauza mboga, nimekwisha zungumza nao. Simu ziacheni mifukoni. Penseli ziko kwenye kopo pale mlangoni, karatasi nimekata mwenyewe jana usiku, kila mtu tatu. Aanze mwenye viatu vya kutembelea.